Utabiri wa Mvua kwa Akili Unde na Homa ya Mgunda ya Ruangwa

Mwanzoni mwa Julai 2022, watumishi wa afya wilayani Ruangwa walianza kupokea wagonjwa wenye homa, maumivu ya kichwa, uchovu na kutokwa na damu puani. Vipimo vya Ebola, Marburg na UVIKO-19 havikuonyesha kitu. Tarehe 18 Julai Wizara ya Afya ikatangaza kwamba ni homa ya mgunda, yaani leptospirosisi. Wagonjwa walikuwa 20, na watatu kati yao walikwisha kufariki. Mgunda kwa Kiyao ni shamba, na jina hilo lafaa: bakteria wake hutoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine, hukaa katika maji na udongo wenye unyevu, kisha huingia mwilini kupitia michubuko ya ngozi au utando wa macho, pua na mdomo.

Kwa kuwa mafuriko huueneza ugonjwa huu katika nchi nyingi, ni rahisi kudhani kwamba aliyetabiri mvua ametabiri na homa. Lakini Lindi hupata mvua zake kati ya Novemba na Mei. Julai ni kiangazi.

Utabiri wenyewe, hata hivyo, umepiga hatua. Kituo cha hali ya hewa cha ICPAC nchini Kenya, kinachohudumia nchi 11, Tanzania ikiwamo, kimeshirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani kutumia akili unde kusahihisha utabiri wa mvua. Mfumo hupewa utabiri wa kawaida pamoja na mvua iliyopimwa kwa satelaiti, hujifunza mahali utabiri unapokosea, kisha hutoa uwezekano wa mvua kubwa badala ya jibu moja. Kazi hiyo ilianzia Kenya na Ethiopia.

Kwa kusini mwa Tanzania kuna kikwazo kimoja: mashine hujifunza kwa yaliyopita. GraphCast ya Google DeepMind na Pangu-Weather ya Huawei, mifumo mashuhuri duniani, zilifundishwa kwa kumbukumbu za kuanzia 1979. Kimbunga kilichoipiga Lindi Aprili 1952 hakimo. Vimbunga ni adimu katika pwani hii, na jambo adimu ndilo gumu kufundisha. Hata hivyo vinakuja: Mei 2024 mvua za Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi eneo la Somanga, njia inayotegemewa na wilaya za ndani kama Nachingwea na Ruangwa.

Onyo la siku chache latosha kuagiza dawa mapema na kuwasogeza karibu na hospitali wajawazito waliokaribia kujifungua. Homa ya mgunda hudai subira zaidi, kwa sababu dalili huweza kuanza siku 2 hadi 30 baada ya maambukizi. Mgonjwa mwenye homa ambaye kipimo cha malaria hakikuonyesha vimelea aulizwe kuhusu shamba, panya na maji aliyokanyaga, naye ayataje hata asipoulizwa. Doksisaiklini au penisilini husaidia zaidi zikianza mapema. Tarehe homa ilipoanza na jina la kijiji yaandikwe pia katika rejista. Mashine ya mvua haina namna nyingine ya kujua kilichotokea Ruangwa mwezi wa kiangazi.