Uniandike na mie

Ukiingia kambi ya wakimbizi wa ndani ya Kigonze, pembeni mwa mji wa Bunia huko Ituri, na daftari mkononi, usishangae ukifuatwa. Mama mmoja alinifuata kutoka kwenye bomba la maji hadi karibu na barabara. "Papa, uniandike na mie." Nikamwambia mimi si mtu wa PAM, wale wa chakula, wala wa HCR, wale wa wakimbizi, ni mwandishi tu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyezoea visingizio, kisha akafungua mfuko wa plastiki: jetoni mbili za msaada zilizochakaa, kadi ya kupiga kura, kikaratasi cha zahanati, vyote vimefungwa pamoja kwa uzi uliochomolewa kwenye chandarua. "Andika tu, papa. Itasaidia." Nikaandika jina lake. Mpaka leo halijamsaidia kitu.

Humkumbuka mama yule kila nikisikia wakubwa wakizungumzia bima ya majanga na mifuko ya mshikamano. Bima, ukiivua koti na tai, ni kuhesabiwa kabla ya msiba. Msaada ni kuhesabiwa baada yake. Sisi Wakongomani tulihesabiwa wote kwa mara ya mwisho katika sensa ya 1984, na wengi wa wanaolala chini ya mabashi ya Kigonze hawakuwa wamezaliwa. Tangu hapo kadi ya mpiga kura ndiyo imekuwa kitambulisho chetu, maana yake majina yetu hutafutwa kwa bidii uchaguzi unapokaribia.

Wamarekani walianza mpango wao wa bima ya mafuriko mwaka 1968, baada ya kampuni binafsi kuona kwamba maji hayana faida na kujiondoa. Serikali ikabeba mzigo. Nyumba ya familia moja hulipwa hadi dola 250,000, na vyombo vya ndani hadi dola 100,000. Mpango wenyewe si wa kuonewa wivu sana: ulizama katika madeni hata mwaka 2017 Bunge lao likaufutia dola bilioni 16. Lakini kuna ramani inayoonyesha maji hufika wapi, kuna namba ya nyumba, na kuna jina la mwenye nyumba. Hiyo 250,000 tuiweke pembeni kidogo, tutaihitaji.

Huku kwetu bima kwa miaka mingi ilikuwa jina moja, SONAS, iliyoundwa 1966 na kubaki peke yake sokoni hadi sheria ya Machi 2015 ilipofungua mlango kwa kampuni nyingine. Kwa mwenye gari Bunia, bima ni karatasi anayoulizwa na polisi barabarani. Kuihusisha na maji yanayoingia chumbani kungehitaji maelezo marefu.

Na maji yapo. Mwaka 2020 maziwa ya ukanda huu yalijaa kupita kiasi. Kipimo cha Jinja kwenye Ziwa Victoria kilipita rekodi ya 1964. Ziwa Albert nalo likapanda, na wavuvi wa Kasenyi na Tchomia wakaona ziwa likiwafuata nyumbani. Wengi wa watu hao walikuwa wameshakimbia risasi za Djugu mara moja au mbili. Mtu kama huyo ukimwuliza amehamishwa na nini, vita au mafuriko, atakutazama tu. Fomu, hata hivyo, inataka aweke alama kwenye kisanduku kimoja.

Barabara ya kwenda Kasenyi hupita Bogoro, na hapo ndipo ninapotaka kusimama. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji hicho kilishambuliwa. Miaka 14 baadaye, Machi 2017, majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague walitoa amri ya fidia dhidi ya Germain Katanga, kiongozi wa wanamgambo aliyetiwa hatiani kwa shambulio hilo. Walikuwa wamepitia faili 341, moja baada ya nyingine, wakawakubali watu 297. Nyumba zilizochomwa zilitiwa bei. Ng'ombe walitiwa bei, na mavuno pia. Hata maumivu ya kufiwa yalipangwa: ndugu wa karibu kundi lao, ndugu wa mbali kundi lao. (Ndugu wa mbali, kwa Bogoro, ni yule anayekaa ng'ambo ya ua.) Hasara yote ikafika dola 3,752,620. Katanga akawajibishwa dola milioni 1, naye hakuwa na kitu. Kila mhanga akapewa dola 250 za ishara, pamoja na ahadi ya misaada ya pamoja: makazi, masomo, miradi midogo, na tiba ya majeraha ya moyo. Hela hizo za mkononi, jumla dola 74,250, zilitokana na mchango wa Uholanzi.

Dola 250 kule, dola 250,000 kule kwingine. Najua moja ni fidia ya jinai na nyingine ni mkataba wa bima, na mwanasheria atanikaripia. Ninachokitazama ni zile faili 341. Sikumbuki mara nyingine ambapo mtu mwenye mamlaka alikaa akauliza mkulima wa Ituri alikuwa na ng'ombe wangapi, kisha akaliandika jibu kama jambo zito.

Kesi kubwa zaidi ilikwenda kinyume. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema Uganda ilikuwa imeikalia Ituri. Ilipofika siku ya kutaja kiasi, tarehe 9 Februari 2022, Kinshasa ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11 na vifo 180,000. Majaji wakaomba ushahidi, wakapata kidogo, wakakadiria wenyewe vifo kati ya 10,000 na 15,000, na kutoa dola milioni 325 kwa jumla, zilipwe kwa mafungu matano ya milioni 65. Wafu wasio na orodha hulipwa kwa jumla, kama gunia la makaa.

Mfuko wa kugawa hela hizo, FRIVAO, uliwekwa Kisangani. Septemba 2025 aliyekuwa waziri wa sheria, Constant Mutamba, alihukumiwa miaka 3 ya kazi ngumu kwa kufuja karibu dola milioni 19 zilizotoka katika fidia hiyo. Yeye alikana kosa. Hela zilikuwa za kujenga jela. Hapo sina la kuongeza.

Kinachobaki ni ua wa shemeji wa kukimbilia, na likelemba, yaani mchango wa kupokezana kwa zamu. Mama muuza samaki mmoja sokoni Bunia alinionyesha daftari lake la likelemba: majina kumi na mawili, tarehe za zamu, msalaba mwekundu kwa kila aliyekwishapokea. Mwenzao mmoja nyumba yake ilipoingia maji huko ziwani, zamu yake ililetwa mapema, na hakuombwa jetoni wala ushahidi. Jina lake lilikuwa daftarini tangu Januari.

Nikamwuliza ingekuwaje kama wote kumi na wawili wangekuwa wanakaa Tchomia. Akafunga daftari, akamgeuza samaki mmoja mwenye nzi.

"Tukilowa wote, papa, nani ampe nani?"