Tenga Kwanza Hela ya Helmeti

Anayetafuta pikipiki ya kwanza kwa kawaida huanza na swali la chombo: Boxer au TVS, mpya au iliyotumika. Hela yote huishia hapo, na siku ya kuondoka dukani anavaa kofia aliyopewa kama nyongeza, ile nyepesi yenye mkanda wa plastiki. Mimi nashauri uanzie upande wa pili. Kama una shilingi milioni 2, weka laki 4 pembeni kabla hujaenda kuangalia pikipiki yoyote, kisha jiambie kwamba hela ya chombo ni milioni 1.6, humo humo na bima, kubadilisha jina la umiliki na matengenezo ya kwanza. Laki 4 ni ya mwili wako: helmeti, glovu, viatu, jaketi. Ikibidi ushuke kutoka cc 150 hadi 125, au usogeze ununuzi miezi miwili mbele, shuka au subiri.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kichwa cha mtu aliyekaa kwenye pikipiki kiko kama mita moja na nusu kutoka ardhini. Kikidondoka kutoka hapo kinafika kwenye lami kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa, hata kama pikipiki ilikuwa imesimama kwenye taa za Morocco, Dar, ikisubiri kijani. Kwa hiyo anayesema anazunguka mtaani tu kwa mwendo mdogo hajajikinga na chochote. Mwaka 2008 watafiti wa Cochrane walichapisha uchambuzi wa tafiti 61 kuhusu helmeti za pikipiki, na jibu lilikuwa kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali kwa asilimia 42 hivi, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hakuna kifaa kingine cha kununua kwa laki mbili kinachokaribia hapo.

Lakini ni helmeti ipi? Gamba la nje linalong'aa hufanya kazi ya kutawanya kishindo na kuzuia kitu chenye ncha kisipenye. Kinachookoa ubongo ni tabaka la ndani, ile plastiki nyeupe nyepesi inayofungashiwa televisheni ndani ya boksi. Kichwa kinapogonga, tabaka hilo linapondeka, na kule kupondeka ndiko kunakokipa kichwa nafasi ya kupunguza mwendo kidogo kidogo badala ya kusimama ghafla. Linapondeka mara moja tu, halirudi. Ndiyo maana simshauri mtu anunue helmeti ya mtumba hata kama ni ya kampuni kubwa ya Italia: nje inaweza kuwa haina mkwaruzo, ndani ilishafanya kazi yake kwenye ajali ya mtu mwingine.

Ukiwa dukani, ingiza kidole gumba chini ya kitambaa cha ndani ubonyeze. Ukikuta kitu kigumu kinachokataa, uko kwenye njia nzuri. Ukikuta sifongo laini la godoro, au gamba tupu, rudisha kofia hiyo mahali pake. Kisha tafuta alama ya kiwango cha ECE, mara nyingi iko kwenye kilebo kilichoshonwa kwenye mkanda wa kidevuni: herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyotoa kibali, 1 kwa Ujerumani, 4 kwa Uholanzi. Chini au pembeni kuna namba ndefu inayoanza na 05 au 06, ambalo ni toleo la kiwango, na herufi inayoonyesha aina. P maana yake sehemu ya kidevu imepimwa na inakinga; J ni helmeti iliyo wazi usoni; NP ina kidevu lakini hakihesabiwi kuwa kinga. Ukiweza, chukua P. Taya nalo hugonga lami. Stika ya kubandika peke yake isikuridhishe, kwani yeyote anaweza kuichapisha.

Ivae ukiwa hapo hapo dukani. Mashavu yabanwe, na ukiizungusha kushoto na kulia ngozi ya uso iifuate. Funga mkanda, vidole viwili vipite chini yake, halafu mwombe muuzaji aishike kwa nyuma na kuisukuma mbele. Ikivuka kichwa, ni kubwa. Helmeti ya bei mbaya iliyolegea huruka kabla hujafika chini.

Vitu vingine hapa kwetu tuna bahati navyo, maana mtumba unatusaidia. Kwenye masoko ya Karume pale Dar au Memorial kule Moshi, mwenye subira anapata jaketi la ngozi nzuri, na mara moja moja jaketi halisi la pikipiki lenye mifuko ya ndani mabegani na kwenye viwiko. Papasa mifuko hiyo. Ukikuta kipande kigumu kilichoandikwa EN 1621-1, hicho ni kinga iliyopimwa. Vaa jaketi zipu ikiwa mbele. Najua madereva wengi wa bodaboda huvaa kinyumenyume ili upepo usiingie kifuani, lakini mgongo unabaki wazi, na ukiburuzwa jaketi linavuka mikononi. Jinzi ya kawaida ni afadhali kuliko kaptula, ila usiitegemee, lami huitoboa haraka. Viatu: buti za kazi zinazofunika kifundo cha mguu, kamba ukizichomeka ndani zisinase kwenye pedeli ya gia. Kandambili na yeboyebo ziache nyumbani. Glovu ni za ngozi nyembamba, kwa sababu anayeanguka hutanguliza viganja.

Sasa pikipiki. Kwa anayeanza, cc 100 hadi 150 zinatosha kabisa. Kati ya pikipiki mpya ya jina usilolijua na Boxer au TVS HLX iliyotumika ikatunzwa, mimi nachukua hiyo ya pili, kwani spea zake zipo hadi vijijini na fundi yeyote anaijua.

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika gusa injini. Ikiwa ya moto, kuna kitu kimefichwa, maana pikipiki mbovu huwa ngumu kuwaka ikiwa baridi. Piga kiki mwenyewe na utazame ekzosi. Moshi wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua, dalili kwamba ringi za pistoni au sili za valvu zimechoka, na kufungua injini kunakula hela. Moshi mweusi ni petroli kuzidi, jambo dogo la kabureta.

Muuzaji atakwambia ilikuwa ya mwalimu, haijawahi kubeba abiria. Angalia mpira wa kukanyagia wa abiria, mpira wa kiki na pedeli ya gia. Kama mpira umesuguka hadi chuma kinaonekana huku mita inasoma kilomita elfu 8, mita hiyo ilikatwa waya. Isimamishe kwa stendi kubwa, inua gurudumu la mbele, zungusha usukani polepole: ukisikia unanasa katikati, beringi za usukani zimekwisha. Shika gurudumu la nyuma ulitikise kando kwa kando, lisiwe na mchezo. Tazama meno ya sproketi, yakichongoka na kulala upande mmoja utabadilisha seti nzima na cheni yake. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kiduara, mfano 2319, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu hukakamaa na kuteleza hata kama kashata bado zipo.

Karatasi zisikuchoshe. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye kadi, na jina la kwenye kadi na kitambulisho cha anayekuuzia. Akikosa kadi halisi, huenda pikipiki bado iko kwenye mkataba wa kulipwa kidogo kidogo na kadi iko kwa mwenye mali. Malizia kubadilisha umiliki TRA kabla ya kulipa salio. Leseni nayo ina madaraja, A1 ni ya pikipiki chini ya cc 125, kwa hiyo mwenye 150 anahitaji A.

Kilichobaki kwenye milioni 1.6 kipeleke kwa fundi: oili mpya, breki, kebo ya klachi, cheni ikazwe ibaki na mchezo wa sentimita 2 hadi 3. Mwombe aifanyie kazi breki ya mbele hasa, kwa sababu unapofunga breki uzito mwingi huhamia mbele na gurudumu la nyuma hubaki jepesi. Kisha tafuta eneo la lami lisilo na magari, alfajiri ya Jumapili, ujifunze kuikamua breki hiyo kwa vidole taratibu huku ukiongeza nguvu, kwa mwendo wa kilomita 20, halafu 30, halafu 40.