Ng'ombe na Chale: Asili ya Neno Chanjo

Kitenzi cha Kiingereza “vaccinate” kina asili ya Kilatini: “vacca”, yaani ng'ombe. Mwaka 1796, daktari Mwingereza Edward Jenner alichukua majimaji ya kidonda cha ndui ya ng'ombe mkononi mwa msichana mkama maziwa, akamchanja mtoto wa miaka 8. Baadaye alimtia ndui yenyewe, mtoto hakuugua. Mwaka 1881 Louis Pasteur alipendekeza jina hilo litumike kwa kinga za maradhi mengine pia, kwa heshima ya Jenner.

Kiswahili kilitazama wembe: kuchanja ni kutia chale. Leo chanjo nyingi hazihitaji chale. Baadhi ni matone ya mdomoni. Kazi ni ileile: kuufundisha mwili kukitambua kijidudu kabla hakijaudhuru. Ndui ilitangazwa kutokomezwa mwaka 1980.