Sabuni ya Mawese na Haki ya Kipimo

Katika miji ya Ujiji na Kigoma, na katika vijiji vya ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, mawese hayaadimiki majumbani, kwani michikichi imestawi sana huku kwetu. Mafuta hayo hupikiwa mboga, na yazidiyo akina mama wengi huyageuza sabuni, wakapata ya kufulia na ya kuuza. Kazi hiyo ni ya heri. Lakini ina mlango mmoja ambao dhulma hupenya bila ya mtu kujua, nao ni ukataji.

Mlango huo niliuona nyumbani kwangu mwenyewe. Asubuhi moja nilikuwa nikiwafasiria wanafunzi Suratul Mutaffifin, sura ya 83, inayowaonya wapunjao vipimo. Binti mmoja akanyosha mkono akauliza, "Maalim, na sabuni je?" Akatoa vipande viwili alivyotumwa na mama yake kuvinunua kwetu kabla ya darsa. Bei yake moja, lakini kimoja kinene na cha pili chembamba upande mmoja kama kabari. Niliona haya kubwa. Ahli yangu hakukusudia kumpunja mtu. Alikata kwa kisu na kwa kukisia. Tulimpa mtoto kipande kamili, kisha tukaketi kutafuta njia iliyo sawa.

Njia yenyewe ni hii. Kwa kilo 1 ya mawese hutosha kostiki soda gramu 135 hivi, iliyopimwa kwa mizani, na maji gramu 330. Soda hutiwa katika maji. Maji kamwe hayatiwi juu ya soda, kwani huruka na kuunguza. Watoto wawe mbali, mikono ivikwe glavu, na sufuria ya alumini isitumiwe, maana soda huila.

Sanduku la mbao liwe na urefu wa sentimita 50, na ndani yake litandikwe karatasi ya nailoni. Katika mbavu zake mbili piga alama za msumeno zinazoelekeana, kila baada ya sentimita 2 na nusu. Utapata vipande 20. Ngoja siku moja au mbili. Ukiwahi, sabuni hunata, ukichelewa, hupasuka. Kisha pitisha waya mwembamba, au mshipi wa mvuvi uliovutwa kwa mikono miwili, katika alama hizo. Kisu kipana huegemea upande, lakini uzi uliokazwa hushuka wima. Mabaki ya kingoni yafulieni wenyewe, au yauzeni kwa jina lake la mabaki.

Si sisi peke yetu tunaojali jambo hili. Huko Nablus, Palestina, sabuni ya mafuta ya zeituni humwagwa sakafuni, ikapigwa mistari kwa uzi uliochovywa rangi, ndipo ikakatwa. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza ufundi huo katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Lipo na jambo la pili. Sabuni mbichi ina maji mengi. Hukauka kwa majuma manne au zaidi, na uzito wake hupungua. Aiuzaye mbichi kwa uzito huuza maji. Tukumbuke habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta ndani mna unyevu. Mwenye mali alisema ni mvua. Mtume akamwuliza mbona hakuuweka juu watu wakauona, kisha akamkanya udanganyifu.

Enyi vijana, msidhani kwamba haki hukaa katika mizani ya tajiri tu. Hukaa pia katika uzi wa mama akatapo sabuni uani. Nyumbani kwetu sasa kila kipande hupimwa kabla ya kuuzwa, na yule binti ndiye aliyeombwa kuishika mizani siku ya kwanza.