Kungoja Nako Kuna Gharama: Uamuzi wa Kwenda Ng'ambo Wakati wa Dhiki

Mdororo wa uchumi, yaani kipindi ambacho kazi, mauzo na mapato hushuka kwa muda mrefu, huelezwa kwa kawaida kwa takwimu za pato la taifa, lakini kipimo hicho hakitoshi kuieleza Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoko wilaya ya Isingiro kusini magharibi mwa Uganda, ambako dhiki inaweza kuingia majumbani katika mwaka uleule ambao hesabu za serikali zinaonyesha kwamba uchumi wa nchi umekua. Makazi hayo, yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuwapokea kwanza Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya nchini mwao, leo yana watu zaidi ya 150,000, wengi wao Wakongomani, pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Wanaishi kwa vipande vidogo vya ardhi walivyopewa kulima, kwa biashara ndogondogo, na kwa msaada wa chakula ambao siku hizi mara nyingi hutolewa kwa fedha taslimu. Fedha hizo haziishii kwa aliyezipokea, kwa kuwa yeye hununua mkaa, mwenye mkaa hulipa kinyozi, na kinyozi humlipa mwenye mashine ya kusaga mahindi. Kwa hiyo msaada unapopunguzwa, anayeumia si mpokeaji peke yake, bali ni soko zima la Base Camp, lililomo makazini humo, na vijiji vinavyolizunguka, wakiwamo Waganda wenyeji ambao huleta ndizi na maziwa yao huko.

Upunguzaji wenyewe haukuja kwa ghafla. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilishusha mgao wa wakimbizi nchini Uganda hadi asilimia 70 ya kiwango kamili mwezi Aprili 2020, kisha hadi asilimia 60 mwezi Februari 2021, na kuanzia Julai 2023 likawagawa wapokeaji katika makundi matatu kulingana na udhaifu wao, ambapo waliohesabiwa kuwa wanaweza kujitegemea waliondolewa kabisa kwenye orodha. Mwezi Mei 2025 shirika hilo liliacha kuwahudumia wakimbizi takribani milioni moja nchini humo kwa kukosa fedha, katika miezi ileile ambayo watu wapya walikuwa wakivuka mpaka kutoka mashariki mwa Kongo baada ya Goma na Bukavu kuangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwanzoni mwa mwaka. Katika hali ya namna hiyo ni jambo la kawaida kabisa kwamba swali la kuondoka, ambalo huko Nakivale halijawahi kulala, huamka kwa nguvu mpya, na mtu aliyekuwa akiahirisha uamuzi huanza kuuliza nauli.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hulipita haraka. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani Donald Trump alitia saini, siku ileile, amri ya kusimamisha kwa muda misaada ya nje na amri nyingine ya kusimamisha mpango wa kuwapokea wakimbizi nchini mwake, na kwa kuwa Marekani ilikuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa WFP na pia nchi iliyopokea wakimbizi wengi kupitia mpango wa uhamisho, mkono uliopunguza chakula ndio uliofunga mlango. Familia zilizokwisha kupewa tarehe ya ndege, zilizouza magodoro na mbuzi na kuwaaga majirani, zilijikuta zimerudi kwenye nyumba tupu. Wala Marekani haikuwa peke yake: Kanada ilitangaza Oktoba 2024 kwamba itapunguza idadi ya wahamiaji wapya inaowapokea, na Uingereza ikatangaza Februari 2025 kwamba itashusha bajeti ya misaada ya nje kutoka asilimia 0.5 hadi asilimia 0.3 ya pato lake ifikapo 2027. Dhiki ya uchumi na siasa za bajeti husafiri pamoja, na ndiyo maana dhana iliyozoeleka, kwamba wakati mbaya wa hapa ndio wakati mzuri wa kwenda kule, haina budi kuchunguzwa upya.

Wanauchumi John Harris na Michael Todaro, katika makala yao ya 1970 iliyotokana kwa sehemu kubwa na hali ya miji ya Afrika Mashariki, walieleza kwamba mtu anayehama haangalii mshahara wa kule aendako peke yake, bali huangalia mshahara uliozidishwa kwa uwezekano wa kuupata, kiasi ambacho huitwa mapato tarajiwa. Kazi ya dola 1,000 kwa mwezi ambayo mtu mmoja tu kati ya 10 huipata ina thamani ya dola 100 kwa anayeiota akiwa bado nyumbani, na hesabu hiyo, ingawa ni rahisi, hufunua kosa la kawaida la barazani, ambako waliofanikiwa hutuma picha na walioshindwa hukaa kimya. Kwa mkimbizi, uwezekano huo ni mdogo zaidi kuliko anavyodhani, kwa sababu duniani kote wanaopata uhamisho wa kudumu kwenda nchi ya tatu kila mwaka hawafiki asilimia moja ya wakimbizi wote.

Tena uhamisho huo hauombwi kama kazi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) ndilo linalowabainisha wanaostahili, kwa kuangalia hatari inayowakabili, ugonjwa, ulemavu au mateso waliyopitia, kisha jina hupelekwa kwa nchi pokezi, ambayo huwahoji kwa maofisa wake, huwapima afya na kuchunguza usalama wao. Kila hatua ina muda wake wa kuisha: vipimo vya afya huhesabiwa kwa miezi, uchunguzi wa usalama nao huchakaa, hivyo kimoja kikichelewa kingine hulazimika kuanza upya, na mtoto akizaliwa au ndoa ikifungwa katikati ya njia, kesi, kama faili hilo linavyoitwa makambini, hurudi nyuma. Huduma yote hii ni bure, na yeyote anayeiuza, awe na kitambulisho shingoni au asiwe nacho, anauza kitu asichokuwa nacho.

Gharama ya kungoja ndiyo isiyoandikwa popote. Fundi cherehani mwenye kesi hukataa kununua mashine ya pili kwa sababu anaamini kwamba mwakani hatakuwapo. Kijana huacha kozi ya ufundi. Mzazi hapandi migomba, zao linalotaka subira, bali hupanda maharage ya msimu mmoja. Miaka hupita kwa mtindo huo, na kwa mtazamo wa uchumi hasara yake ni kubwa kuliko fedha zinazoibwa na matapeli, kwa kuwa tapeli huiba mara moja ilhali kungoja huchukua kila msimu sehemu yake. Haimaanishi kwamba mtu aifute kesi yake, jambo ambalo lingekuwa upumbavu. Inamaanisha kwamba kesi na maisha havina sababu ya kusubiriana, na kwamba ujuzi unaopatikana Nakivale leo, uwe useremala, udereva, uuguzi au Kiingereza, hauna kipingamizi cha kupanda ndege pamoja na mwenyewe ikiwa ndege itapatikana.

Njia ya pili, ukiacha uhamisho huo, ni kazi za mkataba katika nchi za Ghuba, ambayo Waganda huiita kyeyo, neno la Kiganda lenye maana ya ufagio. Katika eneo la Kakiika, upande wa kaskazini wa Mbarara, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020, kijana Mganda anayetaka kwenda Saudi Arabia au Dubai hupitia kampuni yenye leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, akiwa na kitambulisho cha taifa na pasipoti. Uganda iliwahi kuzuia, Januari 2016, upelekaji wa wafanyakazi wa nyumbani Saudi Arabia kutokana na malalamiko ya mateso, kisha ikaufungua tena baada ya makubaliano mapya ya 2017. Mfumo wa udhamini unaojulikana kama kafala, ambao humfunga mfanyakazi kwa mwajiri aliyemleta, ulilegezwa nchini Saudi Arabia mwaka 2021, lakini ulegezaji huo haukuwagusa wafanyakazi wa nyumbani, ambao ndio sehemu kubwa ya wanawake wanaotoka Afrika Mashariki.

Jirani wa kijana huyo wa Kakiika, ambaye alitoka Nakivale na kupanga chumba katika mtaa huohuo, hana njia hiyo, na tofauti yao inastahili kuelezwa kwa utaratibu kwa kuwa wengi wameumia kwa kutoijua. Uganda, kwa Sheria ya Wakimbizi ya 2006, humruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea, na kwa Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 anaweza kupewa hati maalumu ya kusafiria badala ya pasipoti. Lakini Saudi Arabia, Oman, Qatar na Umoja wa Falme za Kiarabu hazijaridhia mkataba huo, hivyo hati hiyo huko ina nguvu ndogo. Akikata tamaa na kuchukua pasipoti ya nchi aliyoikimbia, anaweza kuhesabiwa kuwa amerudi chini ya ulinzi wa serikali yake, na hifadhi yake ikafutwa. Akinunua kitambulisho cha Uganda kwa mlango wa nyuma, ametenda kosa la jinai na pia ameichafua kesi yake, kwa sababu alama za vidole hazibadiliki pamoja na jina. Ni vigumu kuona hali ambayo hatua hiyo ya pili inaweza kuwa na faida.

Hata kwa Mganda mwenye karatasi zote, hesabu ya deni hutangulia hesabu ya mshahara. Ichukuliwe kwamba kazi ya nyumbani inalipa riyali 900 kwa mwezi, ambazo ni takribani dola 240, au shilingi za Uganda zinazokaribia 860,000 dola moja ikiuzwa kwa shilingi 3,600. Na ichukuliwe kwamba msafiri amekopa shilingi milioni 3 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, kiwango ambacho si kigeni kwa wakopeshaji wa mitaani. Riba peke yake ni shilingi 300,000 kila mwezi, zaidi ya theluthi ya mshahara, kabla ya senti moja ya deni lenyewe kulipwa, na mwajiri akichelewesha malipo kwa miezi mitatu, jambo linalotokea, riba inakuwa imefika 900,000 na ng'ombe aliyewekwa rehani kwa mkopo huo hayupo tena. Mkataba wa miaka miwili unaoonekana mnono kwenye karatasi unaweza kwa njia hiyo kuisha bila akiba yoyote. Katika kipindi cha dhiki, ambapo wakopeshaji nao hupandisha riba na wanunuzi wa ng'ombe hushusha bei, hesabu huwa mbaya zaidi kwa pande zote mbili, na ndiyo maana wanaohama kwa kuuza mali yao ya mwisho wakati kila mtu anauza huwa wamelipa nauli mara mbili.

Mwanauchumi Oded Stark, katika maandishi yake ya miaka ya 1980, alisisitiza kwamba mwenye kuamua si mtu mmoja, ni kaya, na kwamba kaya hupeleka mtu mmoja mbali kama namna ya kutawanya hatari, ili ukame wa huku usikutane na ukosefu wa kazi wa kule. Wazo hilo lilikwisha kufahamika katika familia za Nakivale kabla ya kuandikwa vitabuni: baba hubaki kwenye shamba na orodha ya mgao, dada hufungua kibanda Mbarara, na mjomba aliye Nebraska au Norway hutuma fedha za shule. Sharti lake ni kwamba hatari ziwe tofauti kweli, na hapo ndipo historia ya karibuni inapoonya. Mwaka 2009 mgogoro wa fedha wa dunia ulisimamisha ujenzi Dubai na kuwarudisha wafanyakazi wengi makwao. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifunga viwanja vya ndege na hoteli kwa pamoja, na waliotegemewa kutuma fedha wakahitaji kutumiwa.

Kwenda Mbarara kwenyewe ni uhamaji usiohesabiwa, ijapokuwa ni mwendo wa saa chache tu kwa taksi. Anayetoka makazini kwenda kuishi mjini hupata soko kubwa la kazi na shule nyingi zaidi, lakini Uganda huwasajili wakimbizi wa mjini Kampala peke yake, kwa hiyo mtu anayehamia Kakiika na kukosekana Nakivale siku ya uhakiki, yaani siku wakimbizi wanapohesabiwa upya, huhatarisha nafasi yake kwenye orodha, na kiwanja chake, ambacho alipewa kutumia tu bila kumilikishwa, kinaweza kupewa mwingine. Tangu mgao ulipopungua hadi kufikia sifuri kwa wengi, uzito wa hasara hiyo umepungua pia: aliyeondolewa kwenye chakula mwaka 2023 ana sababu ndogo ya kubaki kwa ajili ya orodha, isipokuwa ana kesi iliyo wazi, ambayo humtaka apatikane anapopigiwa simu. Kaya nyingi hulitatua jambo hilo kwa kugawanyika, mtu mzima mmoja akibaki nyumbani na simu yenye chaji, wengine wakienda kutafuta kazi mjini na kurudi siku za uhakiki.

Anayefanikiwa kuondoka kwa njia halali hupaswa kujua pia kwamba tiketi ya ndege si zawadi kila mahali, kwa kuwa wakimbizi waliokwenda Marekani walisafirishwa kwa mkopo usio na riba wa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM), uliotakiwa kuanza kulipwa miezi sita baada ya kufika, na familia ya watu wanane ilianza maisha mapya ikiwa na deni la tiketi nane, kodi ya nyumba ya bei ya kule, na simu za jamaa wa Nakivale ambao mgao wao umekatwa.