Mkunga na Dawa za Mama Mjamzito

Juzi katika darasa letu la kisomo mama mmoja alituuliza swali. "Mwalimu, pale zahanati hakuna daktari. Yupo mkunga tu, naye ndiye anatupa vidonge na kutuchoma sindano. Je, ana ruhusa hiyo?"

Wengine walicheka. Lakini swali lile ni zito, maana mtu akiwa na mashaka na dawa huitupa. Leo tulieleze.

Ruhusa anayo. Tunamsema mkunga aliyesomea kazi chuoni. Hapa Tanzania, Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inamtaka aandikishwe na awe na leseni. Hatoi dawa zote, na wala habahatishi. Hutoa zile alizofundishwa, kwa kufuata mwongozo wa Wizara ya Afya. Ugonjwa ukizidi uwezo wake, humpeleka mama hospitali.

DAWA ZA KLINIKI

Kwanza ni vidonge vya kuongeza damu. Humezwa kila siku. Choo kikiwa cheusi, msiogope, ni dawa hiyo. Msimeze kwa chai, kwa sababu chai huzuia dawa isifanye kazi vizuri. Mezeni kwa maji. Machungwa na mapera husaidia.

Pili ni vidonge vya SP vya kukinga malaria. Malaria hujificha kwenye kondo la nyuma. Mama hupungukiwa damu, na mtoto huzaliwa mdogo. SP huanza baada ya miezi mitatu ya kwanza ya mimba kupita. Humezwa vitatu kwa pamoja mbele ya mkunga. Kisha upite mwezi mmoja au zaidi kabla ya kumeza tena. Inatakiwa kumeza mara tatu au zaidi kabla ya kujifungua. Lakini mama anayemeza septrini kila siku hapewi SP. Mkunga atajuaje kama hatumwambii?

DAWA YA SAA YA KUJIFUNGUA

Mtoto akishatoka, mji wa mimba hutakiwa kukaza. Usipokaza, damu humwagika kama maji ya bomba lililopasuka. Mama anaweza kufa kwa saa chache tu. Kwa hiyo mkunga humchoma sindano ya oksitosini mara tu mtoto anapozaliwa. Dawa hiyo huukaza mji wa mimba. Hutunzwa kwenye baridi, maana joto huiharibu. Ndiyo sababu haifai kununuliwa dukani na kuwekwa nyumbani.

Tena kuna kifafa cha mimba. Mama huumwa kichwa sana, macho huona giza, kisha mwili hukakamaa. Wengine husema ati ni mashetani. Hapana, ni ugonjwa. Mkunga aliyefundishwa humchoma sindano ya magnesiamu, kisha safari ya hospitali huanza. Sindano ile humpa mama nafasi ya kufika akiwa hai.

WAJIBU WETU

Akina mama, twendeni kliniki mapema, mimba ikiwa bado changa. Mwambieni mkunga dawa zote mnazotumia, hata za miti shamba. Dawa za kienyeji za kuharakisha uchungu ni za hatari. Mji wa mimba unaweza kupasuka.

Akina baba, wekeni nauli mapema. Damu ikitoka haingoji mahindi yauzwe.

Na ukipewa dawa, uliza: Hii ni ya nini? Nimeze mara ngapi? Kuuliza si utovu wa adabu. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini oksitosini haifai kuwekwa nyumbani?
2. Mama anayemeza septrini amwambie nini mkunga?
3. Kijijini kwetu, usiku wa manane, mama atafikaje zahanati?