Mgeni na Jembe: Kibarua cha Msimu na Ziara za Jamaa katika Mashamba ya Bura

Utangulizi

Waswahili husema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Aghalabu methali hii hufasiriwa kuwa onyo kwa mgeni asiyejua kuaga. Makala haya yanaonyesha kuwa huko Bura, kando ya Mto Tana, methali hiyo inaeleza pia utaratibu halisi wa maisha: jamaa husafiri kuwatembelea wenzao wakati wa mavuno, na ziara hiyo hiyo ndiyo huwapatia kibarua.

Bura na watu wake

Jina Bura hutumika katika pande zote mbili za mto. Magharibi, katika Kaunti ya Tana River, upo mji wenye mradi wa umwagiliaji. Mashariki, katika Kaunti ya Garissa, ipo Bura ya Fafi. Wapokomo wamelima kingo za mto huu kwa vizazi vingi, na miongoni mwa mazao yao ni ndizi na maembe. Waorma na Wasomali wanajulikana zaidi kwa ufugaji. Mapema miaka ya 1980 mradi uliwaleta wakulima kutoka sehemu mbalimbali za Kenya ili walime pamba na mahindi. Pampu za maji ziliposhindwa kazi, baadhi yao walitawanyika kutafuta riziki kwingine, hadi mradi ulipoanza kufufuliwa mwaka 2005. Hivyo basi, si ajabu mzee kubaki Bura ilhali wanawe wako Garissa, Mwingi au Mombasa. Wanapokutana shambani pamoja na majirani wa makabila mengine, Kiswahili ndicho huwaunganisha.

Kazi na ziara

Msimu wa maembe huja kuelekea mwisho wa mwaka, shule zinapofungwa. Mmoja hupanda mwembe au huangua kwa ngoe. Walio chini hupokea, hufuta utomvu unaochoma ngozi na kutia tunda madoa, kisha huchambua na kufungasha. Embe lililokomaa halingoji, wala mchuuzi mwenye lori hangoji. Kwa hiyo mkulima huhitaji mikono mingi kwa siku chache tu, asiweze kuajiri watu mwaka mzima. Jamaa anayekuja kusalimu hupata malazi bila kulipa, na huondoka na nauli pamoja na gunia la matunda. Aidha, msimu huu hukutana na mvua za vuli. Mnamo Novemba 2023 mafuriko yaliikata barabara kati ya Garissa na Madogo. Katika hali kama hiyo mgeni hushindwa kurudi, na matunda hushindwa kufika sokoni.

Utata wa malipo

Neno "kibarua" lina asili yake katika "barua": ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mfanyakazi wa kutwa kuthibitisha kazi yake. Jamaa hana cheti. Alfajiri huitwa mfanyakazi. Jioni ya malipo huitwa mwana wa nyumbani. Zamani, chakula kilipokuwa cha kula pamoja, jambo hilo halikuwa na uzito. Leo embe huuzwa kwa fedha taslimu, na asiyelipwa ndiye anayebeba hasara.

Suala hili si la Bura pekee. Nchini Australia, tangu 2005, vijana wengi wa kigeni wenye viza ya likizo na kazi wameweza kuongezewa mwaka wa pili kwa kufanya kazi kama kuchuma matunda mashambani, kwa muda wa siku 88. Awali hata kazi ya kujitolea ilihesabiwa. Kuanzia Desemba 2015, kazi isiyolipwa haihesabiwi tena. Serikali ilitambua kuwa utaratibu wa awali uliweza kutoa nafasi ya unyonyaji.

Hitimisho

Ni dhahiri kuwa undugu ndio unaowezesha mavuno ya Bura, na haufai kugeuzwa mkataba mtupu. Hata hivyo, methali yenyewe inaonyesha njia. Siku mbili za mwanzo ni za ukarimu, wala hazidaiwi. Siku ya tatu, jembe linapotolewa, ujira nao utajwe kabla mtu hajapanda mwembe. Kutaja ujira mapema hakuvunji undugu. Kunamwezesha mgeni kurudi tena msimu ujao kwa moyo mkunjufu.